Kabla ya kununua diski ya nje, kagua kwanza laptopu yako ya zamani

Ukienda kununua diski ya nje, nenda na laptopu yako. Hata kama ni nzito, hata kama betri yake ilishakufa na itabidi ubebe na chaja. Nasema hivyo kila mara hapa kwenye sekretaria yangu ya Nyawera, mjini Bukavu, ninakochapa na kuchapisha kazi za wanafunzi, na bado watu wananijia wameshanunua: diski mpya ndani ya nailoni yake, laptopu ya mwaka 2010, na swali, "Mama, mbona haionekani?"

Karibu wote huanza na ukubwa. Giga ngapi, tera ngapi. Kwa laptopu ya zamani ukubwa ni jambo la mwisho, kwa sababu mashine yenyewe imeshakuamulia mambo matatu: kasi ambayo tundu lake linapitisha, umeme ambao tundu hilo linatoa, na diski ambazo Windows yake inaweza kusoma. Ukiyajua hayo, diski nyingi zilizopangwa kwenye kabati la muuzaji unaziacha bila hata kuuliza bei.

Angalia tundu

Geuza laptopu uangalie matundu ya USB pande zote. Plastiki ya ndani ikiwa nyeusi au nyeupe, mara nyingi hiyo ni USB 2.0, ya tangu mwaka 2000. Ikiwa ya bluu, ni USB 3.0, ambayo ilitangazwa mwaka 2008 lakini ikaenea kwenye laptopu za kawaida kuanzia 2012, Intel ilipoiingiza ndani ya chipu zake. Rangi peke yake haitoshi. Kuna HP na Mac zenye USB 3.0 na plastiki nyeusi, na kuna ThinkPad zenye tundu la njano ambalo kazi yake ni kuchaji simu hata laptopu ikiwa imezimwa. Tafuta alama ya SS pembeni ya tundu. Usipoiona, washa tochi ya simu uchungulie: USB 2.0 ina vibati vinne tu mbele, 3.0 ina vingine vitano vimejificha nyuma yake.

Laptopu nyingi zinazozunguka hapa mjini zilikuwa za mashirika. Zikichoka ofisini zinauzwa. Kwa hizo, mwaka ni kila kitu. Dell Latitude E6420 ya 2011 haina USB 3.0, E6430 ya 2012 inayo, na ukiziweka mezani pamoja kwa macho ya haraka huzitofautishi. Kwa MacBook Pro mpaka ni katikati ya 2012.

Ukitaka uhakika, fungua «Gestionnaire de périphériques», mahali Windows inapoorodhesha vifaa vyote vya laptopu, shuka hadi «Contrôleurs de bus USB», tafuta 3.0 au xHCI. Kama hukuti kitu na tundu la bluu unaliona kwa macho, uliza ni Windows gani. Windows 7 haikuja na draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya USB 3.0, Windows 8 ndiyo ya kwanza kuwa nayo ndani. Fundi akiweka Windows 7 upya akasahau draiva hiyo, tundu la bluu linakaa kama pambo. Nimewaona watu wakitaka kuuza mashine nzima kwa ajili hiyo, ilhali draiva iko kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, bure.

Kitu kidogo ambacho mafundi wenyewe hawakisemi: kwenye tundu la 3.0, chomeka kwa mkono mmoja wa haraka. Ukiingiza kichwa polepole, vibati vya mbele vinagusana kabla ya vile vya nyuma, na laptopu inaweza kuipokea diski kama ya 2.0. Ukiona kasi ya ajabu ya konokono, toa, chomeka tena kwa haraka.

Sasa hesabu. USB 2.0 kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Kwenye kazi utapata kama MB 30 hadi 35. Video za harusi moja, tuseme GB 60, zitakula kama nusu saa. Diski ileile ya kawaida kwenye 3.0, ikienda MB 100, inamaliza kwa dakika 10. Kuhamisha GB 500 kwa USB 2.0 ni kama saa nne hadi nne na nusu, na saa nne na nusu za umeme wa SNEL bila kukatika, Bukavu, ni jambo la kuombea. Kwa hiyo mwenye USB 2.0 na betri mbovu ananakili kwa mafungu: folda moja, inaisha, anafungua faili mbili tatu kuhakikisha, ndipo anaanza ya pili. Asiburute kila kitu kwa mkupuo mmoja kisha akaenda sokoni.

Hapo utaona kwa nini SSD ya nje, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka ndani, iliyoandikwa MB 1,000 kwa sekunde haina faida ya kasi kwenye tundu la 2.0. Itakwenda 35, sawa na diski ya bei ya chini iliyo jirani yake. Muuzaji hana haja ya kukuambia hilo.

Laptopu za kati ya 2008 na 2012 nyingine zina mlango mwembamba ubavuni wa kadi ya ExpressCard, na zipo kadi zinazoongeza matundu ya USB 3.0. Kasi inapatikana, lakini mlango huo hauna umeme wa volti 5 ambao USB inautaka, ndiyo maana kadi nyingi huja na waya wa pembeni wa umeme. Tundu la eSATA, tundu jingine la diski za nje lisilo la USB, nalo lina kasi nzuri. Likiwa eSATA tupu, halitoi umeme kabisa. Mimi vyote viwili siwashauri watu, isipokuwa mtu akiwa navyo tayari nyumbani.

Umeme, ambao wengi hawaufikirii

Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, yaani wati 2.5. La 3.0 linatoa 900, wati 4.5. Diski inayozunguka ya inchi 2.5 inataka umeme mwingi zaidi pale sahani zake zinapoanza kuzunguka. Kwa sekunde hizo chache nyingi zinapita 700, na zipo zinazokaribia 1,000.

Mwalimu mmoja wa kwaya alikuja na Latitude yake na diski ya tera moja aliyoinunua Kadutu. Mtoto wake alikuwa amemwekea nyimbo huko kazini, vizuri kabisa. Kwenye laptopu yake, taa inawaka, ndani inasikika tik, tik, tik, kisha kimya, kisha tena tik. "Imekufa, Mama. Wameniibia." Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya mezani, ikafunguka, nyimbo zote zipo. "Haijafa, Papa. Ina njaa." Nikampa waya mfupi wenye vichwa viwili vya USB, kimoja cha data na umeme, cha pili cha umeme tu. Vichwa vyote viwili ndani ya laptopu ileile, na sahani zikaanza kuvuma bila kukatika. Akaondoka anaimba, kweli.

Ukisikia mlio ule, usiiache diski iendelee kujaribu. Kila jaribio linachosha mota na kichwa cha kusomea. Itoe, ujaribu tundu la upande wa pili wa laptopu, maana yapo matundu yaliyochoka kuliko mengine. Badilisha waya: mfupi na mnene unapoteza umeme kidogo kuliko mrefu na mwembamba. Kisha waya wa vichwa viwili. Mwisho kabisa, habu ya USB yenye adapta yake ya ukutani, ingawa ukishafika hapo umefungwa ukutani tena.

Zipo diski kubwa za inchi 3.5 zenye adapta yao wenyewe ya volti 12. Hazinyonyi laptopu, na kwa kila giga bei yake huwa ya chini zaidi. Lakini fikiria: umeme unakatika, laptopu inabaki hai kwa betri, diski inazima katikati ya kuandika. Nazipendekeza tu kwa mwenye betri za sola au UPS inayofanya kazi kweli.

Hapa ndipo SSD ina maana hata kwenye USB 2.0. SSD za aina ya SATA (mdomo uleule wa diski za kawaida za laptopu) hazina sahani ya kuzungusha, haziombi ule umeme mwingi wa kuanzia, na kwa kawaida zinaamka bila kelele kwenye tundu dhaifu. Ukiinunua kwa sababu hiyo, au kwa sababu unasafiri sana na moto (pikipiki), umenunua kwa akili. Chukua ya kawaida, wala usilipie tarakimu kubwa za kasi.

Weka SSD ndani, toa diski ya zamani nje

Mwanafunzi akiniambia laptopu yake inachelewa kufungua Word na anataka diski ya nje ili iwe nyepesi, namkatiza. Diski ya nje haiharakishi laptopu hata kidogo, labda kama ile ya ndani imejaa hadi pomoni. Kinachoiharakisha ni kutoa diski inayozunguka iliyo ndani na kuweka SSD ya SATA ya inchi 2.5. GB 240 au 256 zinatosha Windows, Office na masomo. Halafu ile uliyoitoa unainunulia kasha tupu la USB, unaisukuma ndani, unafunga, na hiyo ndiyo diski yako ya nje. Fedha iliyokuwa inunue diski moja ya nje inakuletea laptopu inayowaka haraka na diski ya nje juu yake, na tofauti ya bei mara nyingi si kubwa. Kama ningeruhusiwa kutoa ushauri mmoja tu kwa mwenye laptopu ya zamani, ningetoa huu.

Yapo ya kuangalia kabla. Laptopu ya kabla ya 2006 hivi inaweza kuwa na diski ya IDE, yenye safu mbili za sindano nyembamba. Hiyo achana nayo. SATA ina midomo miwili bapa yenye umbo la herufi L. SSD nyingi zina unene wa milimita 7 na nafasi ya laptopu za zamani ni 9.5, kwa hiyo itacheza ndani. Kwenye katoni huwa kuna fremu ya plastiki, na isipokuwepo, kipande cha karatasi ngumu kilichokunjwa vizuri kinafanya kazi hiyo. Kasha liwe la SATA ya inchi 2.5, na liseme lenyewe kuwa ni USB 3.0 hata kama tundu lako ni 2.0: linafanya kazi kote kuwili, na kesho unaweza kubadili laptopu. Diski chache za zamani zina unene wa milimita 12.5, haziingii kwenye makasha ya kawaida; chukua diski yenyewe uende nayo dukani uijaribu.

Kuhusu kuhamisha Windows. Mafundi wanapenda kunakili diski nzima hadi SSD kwa programu kama Clonezilla, ambayo ni ya bure na nzuri, lakini kwa kawaida inataka diski ya kupokea isiwe ndogo kuliko ile ya kutoa. Kutoka GB 500 kwenda GB 240 utapata shida mpaka ukate kwanza sehemu za diski ya zamani, na kukata sehemu za diski yenye mémoire ya mtu (kazi yake ya kumaliza chuo) ndani ni kazi ambayo mimi siipendi. Weka Windows mpya kwenye SSD. Mafaili yako yote yanabaki pale yalipo, kwenye diski ya zamani, na ukishaichomeka kwa kasha unachukua unachokitaka. Kabla ya kushika bisibisi, toa betri. Na kama laptopu bado ina Windows XP, jua kwamba XP haijui kuitunza SSD. Windows 7 na kuendelea inajua.

Kasha lina faida nyingine ambayo huioni hadi siku ya shida. Diski za nje za kiwandani, baadhi yake, hazina mdomo wa SATA ndani. Tundu la USB limechomelewa kwenye bamba la diski yenyewe, na nyingine zinaficha data kwa ufunguo uliomo humohumo. Tundu hilo likivunjika kwa sababu waya ulivutwa, fundi hawezi kuhamishia diski kwenye kasha jingine. Ikiwa ni kasha ulilonunua wewe na diski ya kawaida ndani, tundu likivunjika unanunua kasha jipya na unaendelea na kazi mchana uleule.

Kuna wanaotoa sehemu ya DVD na kuweka diski ya zamani pale kwa fremu maalumu. Ni sawa kwa nafasi. Ila mwizi akibeba laptopu amebeba zote mbili.

Ukubwa, na jinsi inavyopangwa ndani

Diski ya TB 1 itaonyesha GB 931 kwenye Windows, ya 500 itaonyesha 465. Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kazi za mwanafunzi kwa miaka yote ya chuo, na vitabu vya PDF na picha za simu, mara chache zinapita GB 100. GB 500 inamtosha sana. Anayepiga picha na video za harusi achukue TB 1 au 2. Kuweka TB 4 kwenye laptopu ya USB 2.0 ni kujitafutia kazi: kuijaza tu, kwa MB 32 kwa sekunde, ni karibu saa 35. Na kama kuna mahali bado panatumika XP, maparokia na ofisi zipo, usipite TB 2. Diski inayozidi hapo kwa kawaida imepangwa kwa mtindo wa GPT, ambao XP ya biti 32 haiusomi.

Fomati ndiyo inayoleta kesi nyingi kwenye meza yangu baada ya umeme. FAT32 inasomwa na kila kitu, redio, televisheni, dekoda, lakini haikubali faili moja ya GB 4 au zaidi. Video ya misa nzima inakataliwa ingawa diski iko tupu. NTFS ni ya Windows. Mac inaisoma lakini haiandiki juu yake bila programu ya ziada. exFAT inaandikwa na Windows na Mac (kwa Mac kuanzia toleo la 10.6.5), na XP inahitaji nyongeza ya Microsoft. Nyumba yenye Windows tu, chagua NTFS, hasa hapa kwetu, kwa sababu inaweka kumbukumbu ya kila badiliko inalofanya na inajirekebisha vizuri zaidi umeme ukikatika katikati. exFAT haina kinga hiyo. Kwa ajili ya televisheni ya sebuleni, tafuta flashi ndogo ya FAT32, uiache diski ifanye kazi yake.

Kumbuka kwamba kubadili fomati kunafuta kila kitu. Fanya siku ya kwanza, diski ikiwa tupu.

Zile za TB 16 za mfukoni

Zinauzwa kila mahali, kwenye simu na mikononi: kisanduku kidogo cha kung'aa, kimeandikwa SSD, TB 16, bei ya chini kuliko diski ya kweli ya TB 1. Ndani, watu wakizifungua, hukuta kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu imebandikwa kwa gundi kwenye kibamba cha USB. Programu yake ya ndani imedanganywa iseme TB 16. Ukiweka mafaili, majina yanaonekana, ukubwa unaonekana, na ukishapita nafasi halisi mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani, au hayaandikwi popote. Mtu anagundua siku anayotaka kufungua picha za ndoa yake. Ili upate kipimo: hadi mwaka 2024, diski kubwa kuliko zote ya kuzunguka ya inchi 2.5 ilikuwa ya TB 6. Anayekuuzia 16 kwa bei ya viatu hajavumbua kitu.

Dukani, kwa dakika mbili, weka CrystalDiskInfo kwenye laptopu yako (sababu nyingine ya kuibeba) na uchomeke diski. Diski ya kweli inatoa modeli yake, namba yake, joto lake, saa ilizofanya kazi. Ile ya kadi kwa kawaida haitokei kabisa kwenye orodha. Makasha machache ya kweli nayo yanaficha habari hizo, kwa hiyo kutotokea si hukumu, lakini kwangu ni sababu ya kurudisha pochi mfukoni hadi nipate jibu.

Nyumbani, kabla hujaweka kitu cha maana, ipime yote kwa H2testw, programu ndogo ya bure isiyohitaji kuwekwa. Inajaza diski, kisha inasoma kila ilichoandika na kukuambia kama kimerudi sawasawa. Kwa Linux na Mac kuna F3. Kwa USB 2.0 kipimo cha TB 1 ni kama saa nane hadi tisa za kuandika na nyingine kama hizo za kusoma, kwa hiyo omba kompyuta ya mtu mwenye 3.0, au ifanye usiku mahali penye umeme wa uhakika. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaipima na utairudisha ikishindwa, na aandike namba ya diski kwenye risiti. Anayekataa hilo ameshakujibu.

Ya mtumba

Sioni aibu kununua diski ya mtumba. Nyingi zangu ni hizo. Kwenye CrystalDiskInfo angalia mistari mitatu. Wa 05 unaonyesha sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa, C5 unaonyesha zinazosubiri hukumu. Zote mbili ziwe sifuri. C5 ikiwa na namba, hata kama programu bado inasema diski ni nzuri, irudishe. Kisha saa: mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760. Diski ya saa 3,000 naichukua bila kufikiri sana, ya saa 30,000 naichukua kwa bei ya chini na kwa mafaili ambayo nina nakala yake kwingine.

Sikiliza pia. Weka sikio karibu wakati inaanza. Mvumo mmoja wa chini ni sawa. Mkwaruzo, au tik zinazorudiarudia hata kwenye tundu lenye nguvu, hapana. Chezesha kidogo kichwa cha waya kwenye diski. Ikiwa inapotea na kurudi, tundu limelegea. Ule mdomo mpana wa micro-B wa diski nyingi za USB 3.0 ndio unaolegea kwanza. Ikiwa diski ni ya USB-C, hakikisha kwenye katoni kuna waya au kichwa cha kuibadilisha kuwa USB ya kawaida, kwa sababu laptopu yako haina tundu hilo.

Ukishaipata

Bonyeza «Retirer le périphérique en toute sécurité» kabla ya kuvuta waya, usubiri sekunde kumi sahani zisimame. Diski iliyosimama inavumilia mtikisiko mara nyingi zaidi kuliko inayozunguka, na barabara zetu za milimani unazijua; kwenye moto iweke katikati ya begi kati ya nguo au madaftari, isikae mfuko wa nje wala mfuko wa nyuma wa suruali. Ukienda Goma kwa boti, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwanza.

Usiiweke juu ya kabati. Waliokuwepo Bukavu tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la 5.9 lilipotupiga, wanajua vitu vya juu ya kabati vinakwenda wapi. Rafu ya chini, mbali na dirisha linalovuja mvua.

Na ukiweka mafaili kwenye diski kisha ukayafuta kwenye laptopu, huna nakala, umeyahamisha tu. Kazi ya shule au ya ofisi ikae mahali pawili, laptopu na diski, na kama unaweza diski ya pili ndogo ya mtumba ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine. Yangu iko kwa yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, mtaa wa Bagira, na waya wake umefungwa nayo kwa mpira, kwa sababu ukiomba waya wa micro-B kwa dharura jioni, hupati.